Kuendesha Nyumba Mpya Mbeya Wakati Mshahara Umekatika

Mtu aliyehamia nyumba yake mwenyewe Mbeya, kisha kazi ikakoma kabla hajapiga plasta chumba cha mwisho, yuko katika hali ambayo wengi hapa wanaifahamu ingawa huzungumzwa na ndugu wa karibu tu. Mwenye nyumba hamsumbui tena, lakini nyumba isiyokamilika huomba fedha kila siku, na kila fundi anayepita ana kasoro mpya ya kukuonyesha. Mwenye mshahara huiendesha nyumba kwa kufuata mwisho wa mwezi. Asiye na mshahara katika nyanda za juu kusini aiendeshe kwa kufuata mvua, mavuno na baridi, kwa kuwa hizo ndizo zinazopanga bei ya chakula, uharibifu wa jengo na hata upatikanaji wa vibarua.

Zipo, hata hivyo, tarehe zisizosubiri msimu wowote. Ikiwa umeachishwa kazi na unaona kwamba haikuwa halali, shauri hilo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na wengi hupitwa na muda huo wakiwa bado wanangoja kuitwa tena kazini. Dai cheti chako cha utumishi. Kwa aliyefanya kazi mfululizo kwa mwaka mmoja au zaidi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, isipokuwa kwa baadhi ya sababu za kuachishwa kama vile utovu wa nidhamu uliothibitishwa. Mwanachama wa NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, aliyechangia angalau miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, anaweza kudai fao la kukosa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita. Fedha hizi zikiingia, watu wawili watakufuata haraka, yaani fundi wa dari na mtu anayeuza bajaji iliyotumika. Wote wawili wanaweza kusubiri.

Baada ya hapo, izunguke nyumba ukiwa na daftari na ujiulize swali moja kuhusu kila kilichobaki: mvua ya msimu mmoja itakiharibu au itakikuta kama kilivyo? Mvua za Mbeya huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na kwa walio upande wa Tukuyu huchelewa zaidi kukoma. Fedha yoyote ya ujenzi utakayoamua kuitoa itumike kabla ya Novemba, la sivyo ikae. Anza na paa. Angalia kofia, misumari iliyolegea na mahali bati linapokutana na ukuta, kwa sababu upepo wa mvua za kwanza ndio unaopima kazi ya fundi. Kisha angalia maji yanapoangukia. Viwanja vingi vya Isyesye, Iganzo na kuelekea Uyole viko kwenye mteremko, na mahali penye udongo mwepesi wa majivu ya volkano, maji ya paa yakiachwa yaanguke hovyo huchimba pembeni mwa msingi katika msimu mmoja tu. Mtaro wa kuyapeleka mbali unaweza kuuchimba mwenyewe kwa jembe, na kingo zake zikapandwa ukoka ambao jirani atakupa bure.

Ukuta wa tofali za kuchoma uliojengwa kwa tope badala ya saruji ndio unaostahili kiasi kidogo cha fedha ulichonacho. Si lazima kuupiga plasta wote. Piga rafu, yaani plasta ya kwanza isiyolainishwa, sehemu ya chini, hasa upande unaopigwa na mvua, kwa kuwa matone yanayoruka kutoka ardhini ndiyo yanayokula viungo. Dari, rangi, marumaru, makabati ya jikoni na geti la kifahari haviharibiki kwa kutokuwepo. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa vizuri inatosha kabisa, na mgeni atakayeidharau hajakuletea mfuko wa saruji. Ukipata fursa ya kununua vifaa mapema, nunua bati au nondo, lakini saruji usiiweke stoo kungojea siku ya kazi, maana unyevu wa masika utaigeuza mawe. Kama kuna kazi inayohitaji vibarua, ipange kati ya Julai na Septemba. Wakati huo mavuno yamekwisha na tanuri za tofali zinawaka. Ikifika Desemba, vijana wengi wako shambani na anayebaki mjini hupanga bei anayotaka.

Gata, yaani mifereji ya kukinga maji ya paa, zinaonekana kama anasa, lakini kwa asiye na kipato ni kifaa cha kupunguza matumizi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 20 hutoa karibu lita 1,600 kabla ya kutoa zinazopotea, yaani simtanki la lita 1,000 hujaa na kumwagika kwa mvua moja nzuri. Kama simtanki liko nje ya uwezo wako, gata ya upande mmoja na mapipa mawili yanatosha kufulia, kuosha vyombo na kumwagilia, na ankara ya maji itabaki kwa ajili ya kunywa na kupikia. Maji ya mvua ya kwanza yaache yapite, kwa kuwa yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege kutoka kwenye bati.

Kuhusu umeme, kuna jambo linalowashtua wengi waliohamia nyumba mpya. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, na tangu marekebisho ya mwaka 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Usiponunua umeme kwa miezi kadhaa, deni hilo hujikusanya, na ukija kununua wa shilingi 5,000 unaweza kudhani mita imeharibika. Kwa hiyo nunua kidogo kila mwezi hata kama uniti zimebaki. Ikiwa nyumba moja ina mita mbili, kwa mfano ya kwako na ya mpangaji, hakikisha hukatwi mara mbili kwa jengo lile lile, na ukikuta unakatwa, peleka suala hilo kwa wanaosimamia kodi hiyo. Uliza pia TANESCO umewekwa katika kundi gani la bei. Chini ya bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 alitozwa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi kabla ya kodi na tozo, wakati wa T1, yaani kundi la matumizi ya kawaida, alitozwa 292, na familia yenye taa, redio, simu za kuchaji na pasi ya mara chache haina sababu ya kuzidi uniti 75. Heta ya kuogea ndiyo inayovunja hesabu hii.

Chakula ndicho kinachotaka mawazo mengi zaidi, na hapa mkazi wa Mbeya ana bahati ambayo mtu wa Dar es Salaam hana. Mahindi huanza kuingia sokoni kwa wingi kuanzia Juni, na bei yake huwa chini katika miezi ya Julai na Agosti. Kufikia Januari na Februari, wakati ghala za wakulima zimepungua na mahindi mapya yangali shambani, bei huwa imepanda. Mwenye mshahara anaweza kununua unga wa kilo tano kila wiki bila kulihisi pengo hilo. Wewe tumia sehemu ya kiinua mgongo kununua mahindi ya msimu mzima mara moja, kwa sababu ni vigumu kupata biashara ndogo yenye faida ya uhakika kama hiyo. Pima familia yako inamaliza debe moja kwa siku ngapi, kisha hesabu hadi Juni inayofuata. Nunua kwa mizani, kwa kilo, iwe Uyole, Mwanjelwa au kwa mkulima mwenyewe. Lumbesa ya viazi, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, inaweza kukuvutia, lakini inamwibia mkulima, na gunia lisilopimwa hukupa hesabu isiyoaminika.

Mahindi ya Julai mara nyingi hayajakauka vya kutosha kuhifadhiwa. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa, kisha iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu na yarudi juani juu ya turubai, si juu ya udongo, kwa kuwa yakihifadhiwa yakiwa mabichi huota ukungu unaoleta sumukuvu. Chumvi ikibaki huru, yahifadhi katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo humwua dumuzi kwa kumnyima hewa bila dawa yoyote. Iweke juu ya mbao na mbali na ukuta, na usiifungue kila siku. Toa mahindi ya wiki mbili au tatu kwa mara moja na kuyaweka katika ndoo. Saga dona badala ya kukoboa, maana pumba unazoziacha mashineni nazo ulizilipia. Maharage yafuate utaratibu huo huo wa kukausha na kuhifadhi.

Bustani nayo ina mipaka yake, na naona watu huitegemea kupita kiasi. Eneo dogo nyuma ya jiko litakupa mnafu, chainizi, figiri na vitunguu vya majani, na hilo litapunguza matumizi ya mboga, lakini halitakulipia ada ya mtoto. Panda miche miwili ya parachichi iliyobebeshwa ukijua kwamba itazaa baada ya miaka kadhaa, wakati pengine umeshasahau kwamba uliwahi kukosa kazi. Kuku wa kienyeji wachache hulipa kuliko kuku wa nyama, kwa sababu chakula cha kununua ndicho kinachomaliza mtaji.

Baridi ya Juni na Julai inahitaji onyo la peke yake. Nyumba isiyo na dari huwa baridi sana usiku, na ndipo watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima inaweza kufa usingizini. Jiko likae nje au jikoni penye hewa, na watoto walale na blanketi la ziada au chumba kimoja na wazazi. Kama kuna sehemu moja ya dari unayoweza kumudu, iwe ya chumba wanacholala watoto.

Usiiweke nyumba rehani kwa wakopeshaji wa kausha damu, hata kwa mkopo mdogo. Riba yao imepangwa kwa mtu anayeuza kila siku, nawe huuzi kila siku. Nyumba ya wanandoa, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, na mkopeshaji anayekuomba hati halisi bila kumuuliza mwenzi wako tayari amekuonyesha namna atakavyofanya kazi. Mikopo ya halmashauri inayotengwa katika asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hupitia vikundi, na kujiunga na kikundi huchukua muda, kwa hiyo anza mapema kama inakuhusu.

Jitambulishe kwa balozi na mwenyekiti wa mtaa kabla hujahitaji barua ya utambulisho. Michango ya harusi unaweza kuikataa kwa heshima kwa kusema ukweli, nao watu wataelewa. Msiba ni jambo jingine. Hapa kwetu mtu huhesabiwa kwa kuhudhuria, na asiye na rambirambi kubwa anaweza kuchimba kaburi, kubeba viti au kuchota maji. Ndiko pia habari za vibarua na nafasi za kazi zinakopita, mara nyingi kabla ya kubandikwa popote.

Kama una chumba chenye mlango wake, kipangishe. Walio karibu na Iyunga hupata wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na desturi ya kulipa kodi ya miezi mitatu au sita kwa mara moja hukupa fungu linaloweza kumaliza rafu ya ukuta kabla ya mvua. Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, unaosema nani ananunua umeme na mita ikoje.

Maombi ya kazi yafanywe asubuhi, kabla ya kugusa jembe, kwa sababu nyumba ina kazi ndogondogo za kumaliza siku nzima. Na kwa kuwa kazi nyingi zinazotangazwa ziko Dodoma au Dar es Salaam, panga mapema na mwenzi wako nani atabaki ukiitwa. Ikiwa wote mtaondoka, usiiache nyumba tupu. Mweke ndugu au mpangaji, mwandikie mwenyekiti wa mtaa jina la anayekaa, lipa kodi ya pango la ardhi ya mwaka huo, acha nakala ya hati na si hati yenyewe, na endelea kununua umeme kidogo kwa namba ya mita hiyo kutoka huko uliko, ili deni la kodi ya majengo lisijikusanye.