Kabla Hujafunga Sola Kwenye Kituo cha Wanyamapori

Anza na daftari, si duka. Orodhesha kila kinachokula umeme, wati zake na saa kinazowaka kwa siku, kisha zidisha: friji ya chanjo, friza la nyama, pampu, taa, redio ya mawasiliano, chaji za simu. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nayo iandike, maana hata isipobeba kitu inakula usiku kucha. Jumla ukiipata, iongeze. Watu huzidi, na kila ajaye huja na chaja yake.

Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Juani inaweza kufika 60, na kila nyuzi inayozidi 25 hupunguza takriban asilimia 0.4 ya wati hizo. Paneli ya wati 400 inabaki na kama 344, hapo hujagusa vumbi wala mawingu. Piga hesabu kwa mwezi wenye jua hafifu kuliko yote.

Kivuli cha tawi moja kinatosha kuangusha safu nzima ya paneli. Kinyesi cha ndege vilevile, na wale uliowatibu ukawaachia hurudi kutua hapohapo. Shukrani zao utazikuta juu ya kioo. Weka ngazi na maji karibu.

Betri za asidi usizishushe chini ya nusu ya chaji yake. Za lithiamu huvumilia zaidi. Zote hazipendi joto, kwa hiyo zijengee banda lenye kivuli na hewa, mbali na wanapolala wanyama, kwa sababu za asidi hutoa gesi inayoweza kulipuka. Fyuzi ikae jirani na betri, na breka, yaani swichi zinazojikata umeme ukizidi, ziwe za mkondo wa sola (DC), si zile za nyumbani.

Sasa lililonitoa jasho. Mfumo wetu ulikuwa wa kujivunia: paneli tele, betri mpya, fundi makini, kila kitu kikipita kwenye inveta moja. Jioni moja tukaletewa ng'ombe aliyevunjika mguu akachinjwa, chakula cha wiki kadhaa kwa wala nyama wetu. Tukamkatakata, tukajaza friza nyama ikiwa bado na joto la mwili, tukalala tumeridhika. Daftarini friza nililihesabu kwa siku ya kawaida, linawaka kidogo na kupumzika. Usiku ule halikupumzika. Na siku mbili za mawingu zilikuwa zimeiacha betri nusunusu. Mnamo saa tisa usiku volti zikashuka, inveta ikajizima ili betri isiharibike, kama ilivyoundwa. Betri ikapona. Kwenye kisanduku cha joto kulikuwa na makinda wanne wa bundi, bado hawajaota manyoya ya kuwatosha. Alfajiri nilikuta wawili wamekakamaa. Wa tatu alikufa mchana. Nyama haikuharibika hata kipande.

Inveta haijui bundi ni nini. Kisanduku cha joto, friji ya dawa na redio vipe betri yao na kidhibiti chaji chao, visitegemee friza wala pampu. Kengele ya volti kushuka iwekwe chumbani kwa mtu anayelala, maana kule bandani itawalilia panya. Nyama mbichi ipoe kwanza, iingie kidogokidogo, tena asubuhi jua likiwa linapanda. Na chupa za maji ya moto zisikosekane kamwe. Hazina fyuzi ya kuungua. Friji ya chanjo nayo ina mipaka yake, nyuzi 2 hadi 8, basi weka kipimajoto ndani na mtu wa kukisoma kila asubuhi na jioni.

Pampu iendeshwe mchana tu, ijaze tangi lililo juu. Maji yaliyopanda tayari hayahitaji betri usiku. Ila angalia inveta itaiweza: mota ikianza huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa.

Waya pitisha kwenye bomba gumu, kwani panya hutafuna. Matundu ya hewa ya inveta yazibe kwa wavu mwembamba. Mjusi mmoja akivuka pale pasipovukwa ataunguza yeye na inveta, na sisimizi hupenda sana visanduku vyenye uvuguvugu. Nyani nao watapanda paneli wakizifikia, na kama wanajua kurusha mawe, wewe jua hivyo mapema.

Jenereta ya akiba iwe mbali. Kelele huwatia hofu wagonjwa. Iwashe kila mwezi hata kama huihitaji. Zuia radi, chimbia waya wa ardhini vizuri. Weka fyuzi za ziada. Fundisha watu wawili, si mmoja, mpangilio wa kuzima na kuwasha, na uuandike ukutani. Mgeni asichomeke pasi. Daktari naye asichomeke birika, hata akisema ni dakika mbili tu.