Kutandika reli za treni ya modeli ukiwa Mombasa, na kuzitunza zisiliwe na chumvi

Mtu akianza hizi treni za modeli, zile ndogo za umeme za kutandika mezani, swali la kwanza huwa ni injini gani nzuri, lakini kama unakaa Mombasa uliza kwanza reli zenyewe ni za madini gani, maana hapa adui ni unyevu na upepo wa bahari na hao hawajali umenunua injini ya bei gani. Reli za chuma achana nazo hata ukipewa bure, zitashika kutu kabla kusi haijaisha. Za shaba ya manjano hazishiki kutu ila zinaweka weusi juu na umeme wa kuendesha treni, ambao unapitia kwa reli, haupiti vizuri, utakua unasugua kila siku. Tafuta za nikeli silva, huo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, bei iko juu kidogo lakini ndizo zinavumilia hapa.

Saizi sasa. Wengi wanaanza na HO, yaani 1:87, kila kitu kimepunguzwa mara 87, upana kati ya reli na reli ni milimita 16.5, na ukipiga hesabu hiyo ndio SGR kamili kwa sababu reli ya SGR ina upana wa milimita 1435, gawanya kwa 87. Kama roho yako iko kwa reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa hapa Mombasa 1896, hiyo ni ya mita moja, kwa hivyo kwa kipimo hicho hicho unataka reli ya milimita 12, wanaiita HOm. Kuipata ni kazi na bei yake si mchezo, lakini zile Garratt kubwa za klasi 59, injini za mvuke za reli hiyo ya zamani, ukiziweka kwa upana wa SGR mtu anayejua reli atakucheka tu.

Ubao wa chini usichukue MDF, ikinyonya unyevu inafura na hairudi. Chukua plaiwudi, marine ukiweza, na uipake vanishi au rangi pande zote mbili na pembeni pia, wengi wanapaka juu peke yake halafu wanashangaa ubao umejipinda. Juu yake tandika foamu nyembamba ngumu ndio reli zikae, inapunguza kelele.

Haya, viungo. Reli ya mita 1 joto likipanda nyuzi 10 inarefuka chini ya robo milimita, ni kidogo, ila mbao nayo inacheza na unyevu na vyote viwili vikikutana reli inabenuka. Kwa hivyo ukitandika wakati wa kusi, asubuhi kuna baridi, acha nafasi ya unene wa kadi ya mwaliko wa harusi kwenye kila kiungo cha sehemu iliyonyooka. Ukitandika kaskazi saa nane mchana na feni haisaidii, unaweza kuzikaribisha zaidi, haziendi mbali tena. Kwenye kona fanya kinyume, lehemu vipande viwili vikiwa bado vimenyooka halafu ndio upinde, la sivyo kona itakua na pembe na mabehewa yatakua yanaanguka pale pale kila siku.

Na usitegemee joina, vile vibati vinavyoshikanisha reli na reli, kupitisha umeme, kwa hewa yetu zitaota uchafu ndani na treni itaanza kusimama simama. Kila kipande cha reli kipe waya zake mbili, nyembamba, zile za ndani ya kebo ya netiwaki zinafaa zikiwa fupi, zipite chini ya ubao zikutane na waya nene ya 1.5 ile mafundi wanavutia taa. Fluksi, ile dawa ya kusaidia risasi ishike ukilehemu, tumia ya rozini peke yake, ile ya asidi ya mafundi wa mifereji yakhe usiiguse, inabaki pale inakula waya polepole.

Kokoto za kujaza kati ya mataruma ndipo watu wanaharibu. Mchanga wa baharini usiuchukue, una chumvi na chumvi inavuta maji. Omba vumbi la mawe pale wanaposaga kokoto, chekecha kwa chujio la chai, ioshe kwa maji ya mvua au ya kunywa maana maji ya kisima mitaa mingi yana chumvi pia, anika, halafu pitisha sumaku juu yake, chembe za chuma zikiingia kwa mota umekwisha. Ukishazipanga kwa brashi, nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondosha gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Kwenye pointi, pale njia inapogawanyika, kaa mbali na ule ulimi unaosogea, gundi ikishaingia pale hausogei tena.

Kabla ya kumwaga kokoto hata hivyo, sukuma treni ndefu kinyumenyume njia nzima. Ikienda mbele inasamehe, ikirudi nyuma haisamehi. Ikianguka mahali, laza simu juu ya reli kamera iangalie mbele, kasoro utaiona wazi.

Usafi: kitambaa cha pamba na mafuta ya taa kidogo sana, futa, kisha futa tena kwa kikavu, dirisha wazi na treni isiwashwe mpaka pakauke. Stili waya usitumie kabisa, nyuzi zake zinaingia kwa mota, na msasa unaacha mikwaruzo ambayo uchafu unapenda kukaa. Magurudumu nayo yanarudisha uchafu, kwa hivyo yafute siku hiyo hiyo. Ukimaliza kucheza funika na leso kuukuu, injini ziweke kwenye kontena lenye kifuniko na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu. Stima ikipotea chomoa adapta ukutani, usingoje irudi kwa kishindo.