Kulinda Mkojo na Nguvu za Kiume Baada ya Upasuaji wa Tezi Dume

Kabla hujatia sahihi karatasi ya upasuaji, muulize daktari: unatoa nyama ya ndani tu, au tezi nzima?

Tezi dume imekaa chini ya kibofu, mbele ya puru, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Mkojo unazuiwa na milango miwili. Wa juu uko shingoni mwa kibofu na hujiendesha wenyewe. Wa chini uko chini tu ya tezi, na huo unaweza kuukaza kwa hiari yako. Neva za kusimamisha uume hupita nje ya ganda la tezi, nyuma, kila upande. Ni nyembamba mno, na hadi Patrick Walsh wa Marekani alipoanza kuzihifadhi mwaka 1982, wanaume wengi walizipoteza.

Tezi iliyovimba bila saratani hutolewa nyama ya ndani, ganda likabaki, kwa hiyo neva huguswa mara chache. Lakini mlango wa juu hulegea, na manii hurudi kibofuni badala ya kutoka. Hayana madhara huko, ila anayetaka bado kuzaa aambiwe mapema. Kwa saratani, tezi yote huondoka pamoja na vifuko vya manii, kisha kibofu hushonwa kwenye mrija. Hapo kazi yote ya kuzuia mkojo inabaki kwa mlango wa chini, na ndiyo maana unafanyishwa mazoezi.

Anza wiki chache kabla ya upasuaji. Lala chali, magoti juu. Kaza kama unayezuia ushuzi na mkojo kwa pamoja: uume uvutike ndani, korodani zipande kidogo. Weka mkono tumboni. Tumbo au makalio yakikaza, au ukibana pumzi, unakaza misuli isiyo yenyewe. Shika sekunde 5, legeza sekunde 10, rudia mara 10, mara 3 kwa siku, ukipanda polepole hadi sekunde 10. Baadaye jifunze kukaza kabla ya kukohoa au kuinuka kitini, maana hapo ndipo mkojo hutoroka. Mpira wa mkojo, ule unaopitishwa uumeni hadi kibofuni ili kutoa mkojo, ukiwa ndani, acha mazoezi.

Baada ya upasuaji wa saratani, mpira huo hukaa kwa kawaida siku 7 hadi 14. Mfuko uwe chini ya kibofu daima. Mpira ukichomoka, usikubali kliniki ya jirani ikuingizie mwingine: unaweza kupasua mshono mbichi. Aliyepasuliwa hospitali ya Mulago, Kampala, akarudi mbali Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, aondoke na namba ya simu ya wodi. Vilevile asipigwe bomba la dawa nyuma, la hospitali wala la kienyeji, kwa sababu puru imegusana na mahali palipokatwa. Kula papai na mboga, kunywa maji, usijikamue chooni.

Wiki 6 za kwanza usipande bodaboda, na jerikeni ya lita 20 abebe mwingine. Hiyo ni kilo 20. Mkojo utavuja zaidi jioni, misuli ikichoka. Usipunguze maji kwa hofu ya kuvuja, kwani mkojo mzito huchokoza kibofu. Wengi hupata nafuu kati ya miezi 3 na 12.

Nguvu za kiume huchelewa zaidi. Hata neva zilizohifadhiwa hupata mshtuko, na kurudi kwake huchukua miezi 6 hadi 24, wakati mwingine zaidi. Dawa za kusimamisha uume, sildenafil au tadalafil, husaidia iwapo neva zimebaki, lakini anayetumia dawa za moyo za naitreti asiziguse kabisa: presha inaweza kushuka hadi kuua. Neva zikiwa zimeondolewa pande zote, muulize daktari kuhusu sindano ya uumeni au pampu. Mkeo naye aelezwe kwamba raha huweza kufika bila uume kusimama na bila manii, asije akadhani amekataliwa.

Homa, mguu mmoja kuvimba, kifua kubana, mabonge ya damu, au mkojo kukatika huku tumbo la chini likiuma: nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.