Namna ya Kufuatilia Maana na Asili ya Neno Busara

Anayetaka kulielewa neno busara asianzie kwenye akili, aanzie kwenye jicho. Neno hili limetokana na Kiarabu, na mzizi wake ni herufi ambazo kila aliyesoma chuoni, yaani madrasa ya Kurani, hapa Mombasa anazijua: ba, swad na ra, mzizi wa kuona. Humo ndimo lilimotoka jina Al-Basir, Mwenye Kuona, katika majina ya Mwenyezi Mungu.

Basi utafute mzizi kwanza, wala usiliamini sikio. Bishara na kubashiri yanakaribiana na busara kwa sauti, lakini yana shin mahali pa swad, na asili yake ni habari njema. Ukishuku, mwombe mwalimu wa chuo akuandikie maneno hayo kwa herufi za Kiarabu, na tofauti utaiona papo hapo.

Kisha lilinganishe na hekima, maana hapa ndipo wengi wanapochanganya. Hekima ni ya ukoo mmoja na hukumu, hakimu na mahakama, na katika Kiarabu mzizi huo umezaa pia hakama, sehemu ya lijamu inayomzuia farasi. Abiria anayefika Likoni, akaona umati umeshajaa langoni, akaamua kungoja feri ya pili, ametumia busara. Kumwita mwenye hekima kwa hilo ni kumkweza bure. Lakini mzee anayeitwa Mji wa Kale kuamua ugomvi wa ndugu juu ya nyumba ya urithi, akatoa neno ambalo hata aliyeshindwa analikubali, huyo ana hekima, ingawa ilimbidi atangulize busara ili ajue nani asikilizwe kwanza na lipi lisitajwe mbele ya watoto.

Kwa kamusi, tazama ya Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844; ilichapishwa mwaka 1882, na ina Kimvita kingi, lahaja ya Mombasa.

Katika kuandika, busara huingia ngeli ya I-ZI: busara yake, busara zake. Mtu huwa na busara, huitumia, au hukosa. Matumizi ninayoyapenda zaidi ni ya kukanya: mama akimwambia kijana, "Si busara, mwanangu," hamwiti mjinga, anamwambia tu kwamba hakutazama mbele.