Somo: Paka kapasuliwa, sasa siku kumi ni zako

Wanachama, simu zimekuwa nyingi tangu nimpeleke Kuhe kufungwa kizazi, basi nimeona niandike mara moja wote msome. Kuhe ni paka wangu jike. Wiki yake ya kwanza hapa Mwanga, Kigoma, aliiba kipande cha samaki aitwaye kuhe sufuriani, tukampa jina badala ya kipigo. Kabla hajafikisha mwaka na nusu alikuwa ameshazaa mara mbili, na majirani wameanza kujifungia wakiniona nakuja na boksi. Mimba ya paka ni siku 63 hadi 65 hivi, na jike anaweza kushika nyingine huku bado ananyonyesha. Piga hesabu mwenyewe.

Kumpasua ni kazi ya saa moja au pungufu, tena ya mtu aliyesomea. Yako wewe ni siku 10 hadi 14 zinazofuata, na huko ndiko mambo huharibikia.

Hatua ya 1: Zungumza na daktari mapema. Madaktari wa mifugo wengi huku kwetu siku yao inaishia kwenye ng'ombe, mbuzi na kuku. Muulize bila aibu: umeshawahi kupasua paka? Dawa ya maumivu ya paka unayo? Asiyenuna kwa maswali hayo ndiye wa kumpelekea. Mweleze kama paka ana mimba, ananyonyesha, anakohoa au anaharisha. Paka jike anaweza kufungwa kuanzia miezi minne hadi sita, na kwamba lazima azae kwanza ni maneno ya barazani tu.

Hatua ya 2: Usiku wa kuamkia siku yenyewe. Paka mkubwa asile kwa saa 6 hadi 8, maji anywe mpaka asubuhi. Mdogo hafungi muda mrefu hivyo, daktari atakupangia. Akitapika akiwa kwenye nusu kaputi, matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Sasa shida ya Kigoma ni kwamba paka ana mlo wa siri: wewe umeficha bakuli, jirani kaanika dagaa uani. Mfungie chumbani tangu jioni. Mimi nilichagua siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa wamepumzika na uani hakuna kitu.

Hatua ya 3: Usafiri. Tenga la kuku lenye kifuniko, ndani kanga, juu kamba. Kiroba hapana, na kumkumbatia kwenye bodaboda hapana kabisa.

Hatua ya 4: Usiku wa kwanza. Hapa ndipo watu huogopa. Paka anarudi macho yako wazi lakini hakuoni, akisimama anayumba kama katoka kilabuni, na kona ya jicho imetoka utando mweupe. Ni dawa ya usingizi, itaisha ndani ya siku moja. Mlaze sakafuni kwenye chumba chenye giza kidogo, si kitandani, maana ataanguka. Shingo inyooke, pua isizibwe na nguo. Mwili wake hupoa upesi, kwa hiyo weka chupa ya maji ya uvuguvugu iliyoviringishwa taulo, ubavu mmoja tu, ili akisikia joto aweze kusogea. Usimmiminie maziwa wala uji mdomoni. Akishatembea bila kuyumba, mpe maji kidogo, kisha chakula kama kijiko kimoja. Akibaki nacho tumboni, ongeza baadaye.

Hatua ya 5: Siku kumi za kulinda mshono. Angalia kidonda asubuhi na jioni, penye mwanga. Wekundu kidogo na uvimbe mdogo si kitu. Usaha, harufu, damu inayodondoka au mshono ulioachia, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Adui mkubwa ni ulimi wake. Ulimi wa paka ni msasa. Siku ya tatu nilimwonea Kuhe huruma, akigonga ile kola ya plastiki anayovishwa shingoni asijilambe kidonda kila mguu wa meza, nikamvua "apumzike usiku mmoja". Alfajiri nikakuta vipande viwili vya uzi mweusi juu ya mkeka na yeye amekaa pembeni anajilamba midomo. Tukarudi kushonwa tena, na daktari hakusema neno, aliniangalia tu. Kama kola inamsumbua, mshonee gauni: chukua soksi ndefu ya mpira, kata ncha, toboa matundu manne ya miguu, nyuma acha wazi ajisaidie. Paka mnene atahitaji mkono wa sweta.

Kwenye choo chake toa mchanga, weka magazeti yaliyochanwa, maana mchanga huganda kwenye kidonda. Asiogeshwe. Pakichafuka pembeni mwa mshono, pangusa kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ile dawa ya kuulia vijidudu inayogeuza maji kuwa meupe usiiguse. Paka hujilamba, na ni sumu kwake.

Na dawa za binadamu acheni, nawaomba. Kidonge kimoja cha parasetamo kinaweza kumuua paka. Diklofenaki na ibuprofeni nazo ni za kabatini kwako.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Ujiji: Dada, nimeshampa nusu kidonge cha parasetamo jana usiku. Anaonekana mzima.*
Ndugu yangu, acha kusoma, mpeleke sasa hivi. Usingoje dalili: fizi kugeuka bluu au kahawia, uso na nyayo kuvimba, pumzi za haraka. Mwambie daktari kiasi na saa uliyompa. Dawa ya kuikabili sumu hiyo ipo, inaitwa asetilisisteini, lakini inataka kuwahi.

*Kutoka Gungu: Dume langu limehasiwa, mbona sioni nyuzi?*
Dume mara nyingi hashonwi ngozi. Kidonda ni kidogo na hujifunga chenyewe. Lakini mfungie ndani kama mwezi mmoja na nusu, maana mbegu zilizobaki bado zinaweza kumtia mtu mimba. Jike la jirani, namaanisha.

*Kutoka Kasulu: Daktari yuko mbali, nyuzi nitatoa mwenyewe?*
Usitoe. Siku ya upasuaji mwombe atumie uzi unaoyeyuka, ushonwe chini ya ngozi. Yalimkuta shangazi yangu, alikata na wembe, sitasimulia.

*Kutoka Katubuka: Siku ya pili hii hajagusa chakula.*
Chemsha samaki, mgebuka kwa mfano, bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa paka), toa miiba yote, mpe ukiwa na uvuguvugu ili harufu imfikie. Asipokula mpaka saa 24 zipite tangu upasuaji, mpigie daktari leo. Paka mnene asipokula siku mbili tatu ini lake huanza kuharibika.

*Kutoka Mwanga: Mimi jirani yako. Akifungwa si atakuwa mvivu, panya tutawafanyaje?*
Mama, atanenepa ukimlisha kama zamani, kwa hiyo punguza kidogo. Panya ataendelea kukamata. Wiki ya tano Kuhe aliniwekea buku mzima juu ya ndala zangu, kichwa hakipo. Na wewe ndiye uliyepiga kelele, nilikusikia.