Taa ya onyo ikiwaka kokpiti: unafanya nini, na ukishatua unaandika nini

Mimi ni fundi, marubani wakishashuka na mabegi yao ndo napanda kufungua teklogi, kile kitabu cha ndege ambacho kila hitilafu lazima iandikwe, kwa hiyo haya ni ya vijana wanaosomea urubani lakini jicho ni la fundi, mnivumilie.

Rangi kwanza. Nyekundu ni shughulika sasa hivi. Ile njano iliyokolea ni ujue kuna jambo, haikuui dakika hii. Airbus ina skrini ya ECAM inakuandikia tatizo pamoja na hatua zake, Boeing 777 ina EICAS inayofanana na hiyo, ila 737 bado ni vitaa vyake vya tangu zamani na QRH mkononi, kile kitabu cha haraka cha hatua za hitilafu.

Sasa imelia. Kabla ya yote ndege irushwe, na hapo sitanii kabisa. Mmoja ashike ndege asihangaike na kingine, mwenzie ndo asome na kubonyeza. Tarehe 29 Desemba 1972 ndege aina ya L-1011 ya shirika la Eastern ilikuwa inakwenda kutua Miami, taa ya gurudumu la mbele haikuwaka, kumbe balbu imeungua tu, basi watu wazima kokpiti nzima wanahangaika na kibalbu, otopailoti ikaachia kimo bila mtu kushtuka, wakaingia kinamasi cha Everglades, watu 101 wakafa.

Ndege ikishatulia kwenye mstari wake zima kelele, soma kwa sauti kilichoandikwa na mwenzio athibitishe kwa macho yake. Usikisie kwa kusikia tu!! Ajali ya shirika la Helios ya tarehe 14 Agosti 2005, 737 iliyotoka Larnaca, Saiprasi, honi ililia wakiwa wanapanda kwa sababu hewa ya ndani inapungua, swichi ya presha ilikuwa imeachwa kwenye manyuo, yaani ya kuendeshwa kwa mkono, lakini honi hiyohiyo ndo inayolia chini kama ndege haijapangwa vizuri kuruka, wakaenda na hiyo ya pili, oksijeni ikaisha kichwani, watu 121 wakafa. Ndo maana hatua za onyo la presha unazikariri, hufungui kitabu kwanza, unavaa barakoa ya oksijeni halafu maswali baadaye. Yasiyo ya kukariri fuata chekilisti mstari kwa mstari, na swichi zile zisizo na kurudi nyuma kama ya kukata mafuta au ya kuzima moto wa injini usiiguse mpaka mwenzio aseme ndiyo, ni hiyo. Watu washazima injini nzima wakaacha mbovu.

Ikiwaka mkiwa mnakimbia ranwei inategemea spidi. Chini ya noti 80 (noti ndo kipimo chetu cha spidi) kwa Boeing, au 100 kwa Airbus, unasimama hata kwa jambo dogo, ukishapita hapo unasimama kwa makubwa tu kama moto au injini kufa, na ukipita V1, ile spidi ambayo baada yake ranwei haitoshi tena kusimama, unaruka nayo, mtaongea juu. Mnara waambie baadaye mkishajua mna nini, PAN PAN kama ni la haraka, MAYDAY kama ni la hatari, na kwenye transponda, kile kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, weka namba ya dharura 7700.

Haya, mmetua, abiria wameshuka, na hapa ndo kwenye ugomvi wangu. Usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018, 737 MAX ya Lion Air ilitoka Denpasar kwenda Jakarta na usukani wa kapteni ukatetemeka safari nzima, pua inasukumwa chini yenyewe, mpaka wakakata swichi za umeme za trimu, mtambo wa mkiani unaoinua au kushusha pua, ndo wakafika. Kwenye logi wakaandika spidi na kimo vinatofautiana, na taa moja ya presha ya usukani. Kutetemeka hakuna, swichi za trimu hakuna. Fundi akasafisha mirija ya hewa na konekta, kwa alichoandikiwa hata mimi ningefanya hivyohivyo, kumbe mbovu ni sensa ya pembe ya hewa iliyopishana na mwenzake digrii 21. Asubuhi yake ndege ileile ikaanguka baharini na watu 189.

Kwa hiyo andika ulichoona, ulichosikia na ulichogusa, sio unachodhani. "Sensa mbovu" hainisaidii. Nipe onyo lilivyoandikwa neno kwa neno, upande wa nani, mlikuwa mnapanda au mnashuka, kimo, spidi, lilikaa muda gani, ulizima nini na likaitikaje. Hata kama lilipotea lenyewe liandike, hayo yanayopotea ndo yanarudi. Najua wengine hamwandiki mkiwa mbali na nyumbani, mnaogopa ndege italala, ila MEL, orodha ya vitu ambavyo ndege inaruhusiwa kuruka navyo vikiwa vibovu, ipo kwa ajili hiyo, hitilafu ya daraja B inaruhusiwa siku 3, C siku 10, D siku 120, fundi anasaini mnaondoka kihalali. Likiwa zito jaza na ripoti ya usalama ya kampuni, logi peke yake haitoshi, na niambie nichomoe fyuzi ya kinasa sauti cha kokpiti kabla hakijajirekodia juu, vingi vinabeba saa 2 tu.

Na usiwahi basi la kruu, nisubiri hapo ngazini dakika tano, nitakuwa na maswali.