Mambo ya kuzingatia kabla ya kufuata nyayo za wanyama

Kabla ya yote, elewaneni maneno. Mtu akisema "kuna alama hapa" hajasema kitu, kwa sababu alama ni chochote: kucha kwenye gome, manyoya kwenye mwiba, tope lililopakwa kwenye shina. Unyayo ni pale mguu ulipokanyaga, basi. Nyati, swala na ngiri huacha kwato, na ncha ya kwato ndiyo inayoonyesha walikoelekea. Mburuzo ni wa kilichokokotwa: mkia wa mamba kati ya nyayo za kushoto na kulia, au mzoga ambao chui ameuvuta hadi mtini. Mapito ni njia inayotumika kila siku. Ya kiboko ina mifuo miwili na tuta la majani katikati, maana miguu yake imeachana sana. Malalo ni majani yaliyolala au vumbi lenye umbo la mwili. Ukisema "malalo", mwenzako anajua mnyama alitulia hapa na huenda hajafika mbali. Ukisema "alama", ataendelea kutembea.

Nendeni asubuhi au kuanzia saa kumi jioni. Jua la utosini hufuta kivuli, na bila kivuli hata unyayo wa tembo unaweza kukupita. Simama ili unyayo uwe kati yako na jua.

Beba futi ya kupimia, daftari na fimbo. Picha ipigwe kutoka juu moja kwa moja, futi ikiwa pembeni. Kama mnataka nakala, changanyeni vipimo viwili vya unga wa jasi kwa kimoja cha maji, mmimine pembeni mwa unyayo ili ujiingilie taratibu, kisha msubiri angalau nusu saa. Ardhi ikiwa na unyevu, subirini zaidi. Wengi huinyanyua mapema ikavunjika.

Pima sakafu ya unyayo, si midomo yake. Kwenye tope kingo hutanuka, na chui anageuka simba kwenye daftari. Paka wakubwa tena wana tabia ya kukanyaga kwa mguu wa nyuma palepale ulipotoka wa mbele. Nyayo mbili zikilaliana kidogo unapata mnyama mrefu asiyekuwepo. Kwa tembo, mguu wa mbele ni wa mviringo na wa nyuma umerefuka kama yai. Mzunguko wa ule wa mbele mara mbili unakaribia kimo chake begani. Mita 1.3 ni tembo wa kama mita 2.6.

Usimtambue mnyama kwa kucha peke yake. Ndiyo, simba na chui huficha kucha, fisi na mbwa hawafichi. Lakini duma ni paka na kucha zake huonekana, chui akiteleza kwenye tope huzitoa, na fisi kwenye ardhi ngumu anaweza asiache hata moja. Angalia kisigino: cha paka kina vinundu vitatu kwa nyuma. Fisi ana miguu ya mbele mikubwa kuliko ya nyuma, waziwazi, kwa hiyo tafuta nyayo mbili au tatu kabla ya kutamka jina.

Sasa umri wa unyayo. Hapa ndipo watu wanapoumia, na huumia kwa hesabu inayoonekana safi kabisa. Mvua imekatika usiku. Asubuhi kundi linakuta kwato za nyati mmoja kwenye kijia chini ya miti mikubwa, na ndani ya kwato kuna vitobo vya matone. Wanasema: mvua ilimkuta ameshapita, huyu ni wa jana. Wanaingia kichakani wakipiga soga. Kumbe matone yale yametoka kwenye majani. Miti huendelea kudondosha maji saa nyingi baada ya mvua kukatika, na umande mzito hufanya vilevile hata pasipo mvua. Nyati amepita alfajiri, na dume la peke yake kwenye kichaka kizito si mnyama wa kukutana naye kwa hatua tano. Dawa yake ni ndogo: ukiona vitobo chini ya mti, fuata kwato hadi mahali peupe. Huko ardhi yote ikiwa na vitobo lakini ndani ya kwato hamna, mvua ilitangulia, mnyama akafuata.

Kosa la pili ni kinyume chake. Udongo wa mfinyanzi ukikauka hutunza ukali wa kingo kwa wiki kadhaa, unyayo mzee ukaonekana wa leo. Tazama ndani: majani makavu, utando wa buibui na vijinjia vya wadudu juu ya sakafu ni vya muda uliopita. Kisha kanyaga pembeni kwa buti lako, ulinganishe rangi na kingo. Ukipita tena baada ya saa mbili, buti hilo litakufundisha jinsi ardhi ile inavyozeeka kwa hali ya hewa ya siku ile.

Tembea pembeni mwa nyayo, usizikanyage; ukizipoteza utarudi kwenye ya mwisho uliyoiona, basi iwekee fimbo. Jua upepo unatokea wapi. Kwenye hifadhi nenda na askari wa wanyamapori. Nafasi kati ya nyayo ikiongezeka ghafla na udongo ukatupwa nyuma, mnyama ameanza kukimbia, na pengine aliyemkimbiza ni wewe: simama. Kinyesi chenye joto, geuka. Usifuate nyayo za mama na mtoto. Maji ya kutosha, na mtu aliyebaki nyuma ajue mmeelekea upande gani na mtarudi saa ngapi.